Godoro Kwanza, Kompyuta Baadaye: Kupata Sauti Hai Kwenye Spika Mbili

Mama yangu amezaliwa Ukerewe, na magoti yake hayamruhusu tena kupanda meli. Kwa hiyo nilikwenda mimi. Nilifika Nansio na maikrofoni mbili ndogo, zile za kubana kwenye shati, nikazinasa juu ya masikio yangu, moja kila upande, nikazivika vipande vya sponji ili upepo wa ziwa usizisumbue. Nikakaa ufukweni kabla jua halijatoka, nikawasha kinasa sauti, nikatulia bila kugeuza kichwa kwa dakika arobaini.

Niliporudi nyumbani Kitangiri, hapa Mwanza, nikasikiliza kwa hedifoni, nikajikuta nimerudi pale pale. Mtumbwi uko kulia, kama hatua tatu, maji yanaupiga ubavuni. Furukombe analia juu ya maji mbali mbele. Mwanamke anaita mtoto wake akiwa kushoto kabisa, karibu na bega. Lakini mama hataki hedifoni. Zinambana, zinamvua kilemba, na anasema zinamfanya asisikie mtu akibisha hodi. Nikaiweka rekodi ileile kwenye sabufa ya sebuleni. Mtumbwi, ndege, mwanamke na ziwa zima vikajibana kati ya spika mbili kama abiria wa daladala ya Buzuruga saa kumi na mbili asubuhi.

Haya ninayoandika ni njia niliyopita mpaka ufuko ule ukaja sebuleni bila hedifoni. Mimi ni fundi redio, si mhandisi wa chuo, na vifaa vyangu ni vya kawaida: spika mbili, kompyuta ya zamani, programu ya bure ya kuhariri sauti iitwayo Audacity, futi ya fundi nguo na godoro.

Elewa kwanza kinachoharibu. Maikrofoni ya kushoto ilinasa kile ambacho sikio langu la kushoto lingesikia, basi. Hedifoni hulipa kila sikio chake. Spika hazifanyi hivyo. Sauti ya spika ya kushoto inafika sikio la kushoto, kisha inazunguka uso na kuingia sikio la kulia pia, ikiwa imechelewa kidogo na imepungua kidogo. Spika ya kulia nayo inafanya vivyo hivyo. Sauti hiyo inayovuja kwenda sikio lisilo lake ndiyo inayouambia ubongo kwamba chanzo ni spika. Ubongo unaiamini, kwa sababu tangu utoto umejifunza kupima mahali pa kitu kwa tofauti ndogo za muda kati ya masikio mawili. Ndiyo maana stirio ya kawaida haiwezi kukuletea kitu nje ya spika. Alan Blumlein, Mwingereza aliyeomba hataza ya stirio mwaka 1931, aliishi na mvujo huo, na sisi wote tumeurithi.

Tofauti hizo ni ndogo kiasi gani? Kwenye joto letu la nyuzi 25 hivi, sauti husafiri karibu mita 346 kwa sekunde. (Kuna kijana aliniuliza kama hesabu inabadilika kwa sababu Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Haibadiliki. Kinachobadili mwendo wa sauti ni joto, si urefu wa mahali.) Chukua kichwa cha mtu mzima chenye nusu-kipenyo cha sentimita 9 hivi. Spika ikikaa pembe ya nyuzi 30 kutoka katikati, upande mmoja, kama vitabu vya stirio vinavyoshauri, sauti yake huchelewa kufika sikio la pili kwa maikrosekunde 260 hivi (maikrosekunde moja ni sehemu moja ya milioni ya sekunde). Ikikaa nyuzi 10 tu, huchelewa maikrosekunde 90 hivi. Namba hiyo ya 90 ishike, tutaifanyia kazi.

Sasa godoro. Naomba usiruke hatua hii hata kama una kompyuta nzuri, kwa sababu itakuonyesha unachokitafuta kabla hujaanza kuhangaika na namba. Chukua godoro la futi 3, unene inchi 6. Lisimamishe kwa ubavu wake mrefu, ulishikize kwa viti viwili visivyo na mgongo. Kwenye ncha moja ya godoro panga spika mbili, moja kila upande wake, kisha keti kwenye ncha ya pili juu ya mkeka, pua yako ikielekea ukingo wa godoro, nafasi ya vidole vinne. Spika ziwe usawa wa masikio; mimi nilizipandisha juu ya kreti za soda. Funga jicho la kulia: jicho la kushoto lisiione spika ya kulia. Badili jicho, ujaribu tena. Kama kila jicho linaona spika yake tu, kila sikio nalo linasikia ya kwake tu, angalau kwa sauti za kati na za juu.

Nilipocheza rekodi ya Nansio hivyo, mwanamke yule alitoka kwenye spika akaja kushoto kwangu, mahali ambapo kuna kabati la vyombo tu. Nilinyamaza. Nilikaa pale juu ya mkeka, uso karibu na godoro, nikasikiliza dakika zote arobaini.

Hakuna anayeweza kuishi na godoro katikati ya sebule, na mama hawezi kukaa chini. Kazi ya kompyuta ni kufanya kile godoro linachofanya, bila godoro.

Wazo lenyewe ni hili. Sauti ni kusukuma na kuvuta hewa. Kama spika ya kushoto imevuja kwenda sikio la kulia kwa kusukuma, basi itume spika ya kulia ivute, kwa nguvu ileile, kwa wakati uleule ambao mvujo unafika. Sikio la kulia litapata kusukuma na kuvuta kwa pamoja, na mvujo utakufa. Shida ni kwamba marekebisho hayo nayo yanatoka kwenye spika, kwa hiyo nayo yanavuja kurudi sikio la kushoto. Inabidi uyarekebishe nayo. Ni kama kulipa deni kwa kukopa kwa jirani, kisha kumlipa jirani kwa kukopa kwa mwingine; kinachokuokoa ni kwamba kila mkopo ni mdogo kuliko uliotangulia, mpaka unabaki na deni lisilosikika. Bishnu Atal na Manfred Schroeder wa maabara ya Bell Labs, Marekani, walilifanyia kazi jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1974 Schroeder na wenzake huko Göttingen, Ujerumani, walilitumia kulinganisha kumbi za muziki za Ulaya: walirekodi kwa kichwa cha bandia chenye maikrofoni masikioni, kisha wakawachezea wasikilizaji kwa spika mbili ndani ya chumba kisicho na mwangwi. Yaani msikilizaji alihamishwa kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine akiwa amekaa kitini. Baadaye Ralph Glasgal alirahisisha hesabu mpaka ikawezekana kufanywa na mtu wa kawaida, na njia ninayoieleza imesimama juu ya njia yake. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, kama Edgar Choueiri wa Chuo Kikuu cha Princeton, kwa kupima masikio ya msikilizaji mwenyewe na chumba chake. Huko sijafika.

Anza na mahali pa spika, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Watu wanapenda kuziweka mbali, moja kila kona ya sebule. Kwa kazi hii zisogeze ziwe karibu. Ukikaa mita 1.5 kutoka mbele ya spika, umbali kati ya spika na spika uwe sentimita 53. Hapo kila moja iko nyuzi 10 kutoka katikati. Sababu ya kupenda pembe nyembamba ni kichwa cha binadamu: hakitulii. Kwa spika za nyuzi 10, ukisogeza kichwa sentimita moja upande, tofauti ya muda inahama kwa maikrosekunde 10 tu. Kwa nyuzi 30 inahama karibu 29, na kila kitu kinavunjika kabla hujameza chai.

Lakini usahihi wa kutoka spika hadi pua hauna huruma. Spika moja ikiwa nyuma ya mwenzake kwa sentimita moja, umeshakosea maikrosekunde 29, theluthi ya hesabu yote. Kwa hiyo usikadirie kwa macho. Mimi hufunga uzi kwenye msumari ukutani nyuma ya kiti, usawa wa kichwa, nauvuta mpaka katikati ya koni ya spika moja, naweka fundo, kisha naupeleka kwenye spika ya pili. Fundo lazima liguse mahali palepale.

Kuna mambo mengine matatu ya kukagua kabla ya kuwasha. Nyaya: chanya iende chanya kwenye spika zote mbili. Ukibadilisha upande mmoja, besi inapotea na hesabu yote inageuka kinyume. Athari za sauti: zima kila kitu kinachoitwa 3D au surround, kwenye kompyuta na kwenye sabufa yenyewe. Bluetooth: usitumie spika mbili tofauti za Bluetooth, kila moja huchelewa kwa kadiri yake, na hapa tunahesabu sehemu ya kumi ya elfu moja ya sekunde. Tumia waya.

Na spika ziwe pacha kweli. Niliwahi kununua pea dukani hapa mjini, maboksi yanafanana, rangi moja, nembo moja. Kwa wiki mbili nilikuwa narudia hesabu nikidhani nimekosea mimi. Nilipozifungua, koni za ndani hazikuwa za aina moja. Njia rahisi ya kujua bila bisibisi: cheza sauti ya mtu mmoja anayeongea, ileile kwenye spika zote mbili, ukae katikati. Sauti isimame katikati kama msumari. Ikiwa herufi za "s" zinakwenda upande mmoja na uzito wa kifua unabaki upande mwingine, spika hazilingani.

Sasa kwenye Audacity. Fungua rekodi yako ya stirio, ihakikishe iko kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde (sampuli ni kipimo kimoja cha wimbi la sauti) na muundo wa biti 32 wa desimali ("32-bit float"), ili isikatike sauti ikipanda katikati ya kazi. Kila sampuli ina maikrosekunde 22.7, kwa hiyo sampuli 4 ni maikrosekunde 91. Ndiyo ile namba yetu. Kama rekodi ni ya 48,000, sampuli 4 ni maikrosekunde 83, nazo zinafaa.

Kwanza tenganisha sauti za kati. Chini ya hezi 250, yaani mitetemo 250 kwa sekunde, wimbi lina urefu wa mita moja na zaidi, kichwa hakilizuii hata kidogo, na kulirekebisha ni kuchosha spika bure. Juu ya hezi 5,000 kichwa chenyewe kinaziba vya kutosha. Tengeneza nakala ya wimbo, yaani rekodi yako, ipitishe kwenye vichujio ibaki 250 hadi 5,000 tu. Hiyo iite "kati". Kisha tengeneza nakala ya "kati", igeuze juu chini kwa amri ya "Invert", uichanganye na wimbo wa asili. Kinachobaki ni besi na sauti za juu peke yake. Kiite "mabaki", ukiweke kando. Uzuri wa kufanya hivi ni kwamba "kati" na "mabaki" ukivijumlisha unapata wimbo wako kama ulivyokuwa, bila kupoteza kitu, hata kama kichujio chako si cha hali ya juu.

Kinachofuata ni duru nne, zote kwenye "kati". Hapa nilipata nafuu kubwa, kwa sababu mwanzoni nilikuwa nafanya mkopo mmojammoja, nakala kumi na tano, nikichanganyikiwa njiani. Kisha nikagundua kwenye karatasi kwamba kila duru inaweza kuzidisha idadi ya mikopo mara mbili.

Duru ya kwanza: nakili "kati". Kwenye nakala badilisha chaneli, kushoto iende kulia na kulia iende kushoto. Igeuze juu chini. Ipunguze desibeli 3, yaani ibaki kama saba ya kumi. Weka ukimya wa sampuli 4 mwanzoni mwake. Changanya na "kati". Duru ya pili: nakili ulichopata, usibadilishe chaneli wala usigeuze, punguza desibeli 6, chelewesha sampuli 8, changanya. Duru ya tatu: hivyohivyo, desibeli 12, sampuli 16. Duru ya nne: desibeli 24, sampuli 32. Umemaliza mikopo kumi na mitano, na deni lililobaki liko desibeli 48 chini.

Jumlisha na "mabaki". Angalia kilele cha wimbi: kitakuwa kimepanda, hasa kama rekodi ina tofauti kubwa kati ya kushoto na kulia. Shusha faili zima mpaka kilele kiwe desibeli 1 chini ya ukomo, ndipo uihifadhi. Sauti itakuwa ndogo kuliko ya mwanzo. Ongeza kwenye sabufa, si kwenye faili.

Usiisikilize ukiwa umesimama pembeni ya meza. Nje ya mstari wa katikati sauti hii ni kali na nyembamba, na ukihukumu kutoka pale utafuta faili. Kwenye mstari wa katikati, mvujo wa spika zenyewe ndio unaorudisha rangi ya sauti mahali pake.

Kupima, rekodi kitu kimoja rahisi: simama, mwambie mtu asugue vidole karibu na sikio lako la kushoto. Ukiicheza bila kuichakata, vidole viko kwenye spika ya kushoto. Ukiicheza baada ya duru nne, vinatakiwa vitoke kwenye spika vije pembeni mwa kichwa, kama mbu anayetafuta pa kutua. Vikikwama katikati ya njia, jaribu sampuli 3 au 5, na duru zinazofuata zizidishe mara mbili vivyo hivyo: 5, 10, 20, 40. Kwa kichwa changu 4 inatosha. Kiasi cha kupunguza nacho kina nafasi ya kuchezea kati ya desibeli 2 na 3, na ukikibadilisha, duru za mbele zifuate: 2.5, 5, 10, 20.

Chumba kitakupinga. Nyumba zetu zina sakafu ya saruji, kuta za saruji, na mwangwi wa ukuta unafika masikio yote mawili bila kujali hesabu zako. Kanga ukutani hazisaidii, ni nyepesi mno. Blanketi zito lililokunjwa mara mbili pembeni mwa spika husaidia, na lile godoro ukilisimamisha ukutani nalo husaidia. Kuliko yote, kaa karibu na spika, na spika zikae mbali na ukuta. Mvua ikianza kupiga mabati, zima, ungoje.

Muziki wa kawaida je? Kwaya iliyorekodiwa kwa maikrofoni mbili kanisani inafunguka vizuri sana, unahesabu safu. Nyimbo za studio zinapanuka, sauti ya mwimbaji inabaki katikati. Rekodi za zamani za redio za chaneli moja hazina cha kupanuliwa, ziache.

Siku nilipomwita mama, nilimketisha kwenye kiti, nikapima uzi upya kwa sababu yeye ni mfupi kuliko mimi. Maji yakaanza. Alikaa kimya muda mrefu. Mwanamke yule alipoita, mama aligeuka kushoto haraka kutazama kabati, na kwa kugeuka tu, sauti ikamkimbia ikarudi kwenye spika. Akaniuliza, "Mwanangu, amekwenda wapi?" Nikamweleza kwamba asigeuke, afumbe macho, atarudi. Akafumba. Alimsikia mpaka mwisho, na alikuwa anamjibu kwa Kikerewe, polepole.

Tangu hapo tunasikiliza wawili. Kwenye kochi haiwezekani, kwa sababu mstari mzuri ni mmoja tu, lakini mstari huo ni mrefu kwenda nyuma. Basi tunakaa kama kwenye mtumbwi: mama mbele kwenye kiti chake, mimi nyuma yake kwenye stuli ndefu ili kichwa chake kisinizibe. Huku nyuma pembe inakuwa nyembamba zaidi na upana unapungua kidogo. Mtumbwi bado uko kulia.